Shika Miguu

Mimi ndiye katibu wa mtaa.
Daftari la mahudhurio ni langu, kalamu ni yangu,
na rula ya mbao ya kunyooshea mistari.
Jumapili nne mfululizo, mbele ya jina la Yusta Tweve
nilichora kwa wino mwekundu
msalaba mdogo uliolala ubavu.
Baraza la wazee likaandika barua, mhuri ukagongwa,
nikaambiwa, kampe mkononi.

Asubuhi ile ya Julai, Makete yote ilikuwa nyeupe.
Sakitu imelala juu ya viazi,
majani yameungua pasipo moto.
Nilipanda kilima barua ikinikwaruza kifuani,
nikipanga maneno: dada, kundi linakungoja,
dada, usiuache mkusanyiko.

Kwake, kuku wawili na jiko baridi.
Mtoto mchunga kondoo akanyoosha fimbo:
"Yuko kwa Chaula."

Kwa Chaula!
Zebedayo Chaula aliyesogeza mpaka
wiki ileile mume wa Yusta alipozikwa,
akapanda misindano kwenye shamba la mjane;
misindano ikawa mbao, mbao zikawa pesa,
pesa zikawa bati hili
ninalosimama chini yake, kofia mkononi.

Moshi. Harufu ya mkojo na ya sabuni ya kipande.
Mzee amelala, upande mmoja wa mwili umekufa,
mdomo umehamia shavuni.
Na Yusta, mikono ya sweta imekunjwa hadi viwikoni,
anamfokea:
"Inua shingo, we mwizi wa mipaka!
Uji huu nimeukoroga mara mbili,
ukiutema tena nakumwagia."
Mzee akautema.
Yusta akamfuta kidevu, akachota kijiko kingine.

Kitenge cha umoja wa wanawake, kile cha zambarau
tulichokichangia mwaka mzima,
amekichana vipandevipande, amemtandikia chini.
Nikakohoa. Nilikuwa na mstari wa Waebrania tayari ulimini.
Hakugeuka.
"Katibu, unanizibia mwanga. Shika miguu."

Nikashika.
Ilikuwa baridi kama jembe lililolala nje,
visigino vimepasuka, kucha ngumu kama pembe.
Tukamgeuza. Kidonda cha mgongoni,
kipana kama kiganja, kikatutazama.
Nilipeleka macho ukutani; akanipa kitambaa.
"Maji ya vuguvugu. Polepole, baba. Hufuti ubao."

Miaka kumi na tisa nimesoma habari ya beseni na taulo
kila Alhamisi Kuu, na watu husema
sauti yangu inafaa sana kwa somo lile.
Sikujua kwamba mguu wa mtu una uzito.

Nje, tukikamua vitambaa, vidole vimekufa ganzi,
nikamuuliza, umemsamehe?
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Bado. Wengine usiku namwambia Mungu mambo
ambayo wewe huwezi kuyaandika kwenye daftari lako.
Lakini mzee hawezi kungoja moyo wangu
akiwa amelowa."

Halafu akaingia ndani, akaniachia moto.
Kuni zilikuwa mbichi, zinalia tu, haziwaki.
Nikapapasa mfukoni.
Bahasha, mhuri, saini tano za wazee:
ilishika mara moja. Karatasi ya kanisa ni kavu sana.

Chaula aliniangalia kwa lile jicho lake zima.
Hakusema asante. Hata Yusta hakusema.
Akasema tu, "Kesho njoo na mafuta ya mgando,
na wembe, ndevu hizi zinakula uji."

Jumapili iliyofuata walipogonga rimu ya gari
kuita watu ibadani, niliisikia kutoka ng'ambo ya bonde,
mlio mwembamba, umechujwa na ukungu.
Nikataka kusimama, mazoea.
Nasikia sasa mbele ya jina langu pia
kuna alama nyekundu, na mwandiko si mzuri.
"Katibu," Yusta akaita, "umelala?
Huo uji unaungua."